Gari Jeusi na Sifa Zake Mbili

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo sina drama. Leo tuongee rangi. Rangi ya gari jeusi, na hii biashara ya kupaka kotingi ya seramiki ambayo imejaa kwenye simu zetu. Mshaiona ile video: maji yanateleza juu ya boneti kama shanga, muziki uko juu, halafu maandishi makubwa yanatokea: “Dhamana miaka 10”.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma aende zake. Kotingi ni kitu kizuri, inafanya kazi. Lakini ile ahadi kwamba utapaka leo na ulale miaka 10 ni ngano, na sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kabisa kufaa kudanganywa nayo. Bahari hii imekuwa ikitufundisha somo la kupaka na kupaka tena kwa karne nyingi. Tumelisahau tu.

Na kwa nini nijisumbue? Kwa sababu hii si habari ya matajiri wa Nyali peke yao. Gari jeusi siku hizi liko kwa kijana wa Mtopanga anayebeba abiria wa app, kalichukua kwa mkopo, kadi ya gari bado iko kwa mkopeshaji. Mimi mwenyewe nilipouliza bei ya kotingi nilitajiwa kuanzia elfu 15, na mwingine akaniambia elfu 60 kwa gari lile lile. Kwa kijana huyo hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Akiambiwa “ukishapaka hutahangaika tena”, akaamini, hasara ni yake na mkopo unabaki pale pale.

Sasa tuanze na historia, maana bila hiyo utabaki kubishana na muuzaji kwa kelele tu.

KWANI NYEUSI ILITOKA WAPI?

Hapa kwetu nyeusi ni rangi ya heshima. Wazee wetu baada ya uhuru walitunga neno zima, Wabenzi, kuwaita wale wakubwa waliokuwa wakipita na Mercedes-Benz. Mpaka leo msafara ukipita barabara ya Malindi ukaona magari meusi yanameta, unajua ni mkubwa. Nyeusi inasema “nimefika” kabla dirisha halijashushwa.

Lakini mwanzoni nyeusi ya gari ilikuwa rangi ya rahisi. Gari la Ford Model T, lile lililofanya watu wa kawaida Marekani wamiliki gari, lilitengenezwa kati ya 1908 na 1927. Kuanzia 1914 hadi 1925 lilikuwa linatoka kiwandani kwa rangi moja tu, nyeusi. Rangi ile ilikuwa bei nafuu na ngumu. Ilikuwa na lami ndani yake, na vyuma vingi vilipakwa kisha vikaokwa kwenye tanuri mpaka rangi ishikane.

Sasa sikizeni jina lake. Iliitwa “Japan black”, yaani nyeusi ya Japani. Kwa nini Japani? Kwa sababu Wazungu wa karne ya 17 na 18 walivutiwa mno na vyombo vya Asia Mashariki, masanduku na bakuli nyeusi zinazong’aa kama maji ya kisima usiku. Wajapani walikuwa wakipaka utomvu wa mti unaoitwa urushi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka linaachwa ligande, linasuguliwa, linapakwa jingine. Na utomvu ule haugandi vizuri kwenye hewa kavu, unataka unyevu. Wazungu hawakuwa na mti huo, wakaiga kwa vitu vyao. Wakishaiga, jina la Japani likabaki.

Halafu angalia dunia inavyozunguka. Leo magari mengi unayoyaona pale Changamwe na Miritini, yamepangwa kwenye yadi yakisubiri makaratasi, yametoka wapi? Japani. Yanashuka kwenye meli bandarini, yamepita sheria ya Kenya ya kutozidi umri wa miaka 8, usukani kulia. Nyeusi iliyobeba jina la Japani karne kadhaa zilizopita inakuja yenyewe sasa, kwa meli, mpaka mlangoni kwetu.

Ila kuna kitu kilibadilika katikati. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi mpya iliyoitwa Duco, iliyokauka haraka sana. Kazi ya rangi iliyokuwa ikichukua siku nyingi hata wiki sasa ikawa ya saa, na rangi za kila aina zikarudi sokoni. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, viwanda vingi vikazoea mtindo ambao mafundi wetu wa spreya wanaujua vizuri: unapiga rangi, halafu juu yake unapiga klia.

Hapo kwenye klia ndipo mchezo wote ulipo. Gari lako jeusi likiwa jipya, ukiligusa hugusi weusi. Unagusa klia, ngozi ya uwazi iliyo juu ya weusi. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima chini mpaka klia juu, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Yaani heshima yako yote ya barabarani ina unene wa nywele mbili. Klia peke yake ni kama mikroni 40 au 50.

Na weusi wenyewe, kwa kawaida, ni nini? Ni masizi. Ndiyo, masizi, ndugu wa yale ya chini ya sufuria, yaliyotengenezwa kiwandani kwa ustadi. Masizi hayaogopi jua. Ukiona gari jeusi boneti imefifia, imekuwa na mabaka meupe na inababuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, jua kwamba mara nyingi weusi haujafa. Klia ndiyo imekufa.

MAADUI WA NG’AMBO

Gari jeusi likiishi Nairobi lina shida zake. Likiishi huku kwetu, lina shida zake na zetu.

Adui wa kwanza ni jua. Kwenye utafiti uliochapishwa 2011, watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory kule California waliweka Honda Civic mbili juani, moja nyeusi na moja rangi ya fedha. Hewa ndani ya ile nyeusi ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Hiyo ni ndani. Juu ya paa, tofauti ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Sasa chukua gari hilo uliweke kwenye foleni ya feri Likoni saa saba mchana, mwezi wa pili, kaskazi inapuliza.

Adui wa pili ni chumvi. Feri ya Likoni inavusha watu tangu 1937, na kila anayevuka na gari anajua ule ukungu wa bahari unaobaki kwenye kioo. Hauonekani sana, lakini ukipitisha kidole na ukakilamba utajua.

Adui wa tatu anaruka. Kunguru, au kama wengi wetu tunavyowaita, kurabu. Ndege huyu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati asaidie kusafisha taka. Kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kuua milioni 1. Mimi nawaambia, hao milioni wote wanajua gari jeusi liko wapi. Kinyesi chao kina asidi, na klia iliyopata joto inalainika na kutanuka. Jioni ikipoa inajikunja ikiwa imekikumbatia kile kinyesi, na alama inabaki. Ukisugua kwa kitambaa kikavu, unaongeza mikwaruzo juu ya alama.

Adui wa nne ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu anatoka kwenye bomba. Au tuseme, anatoka pale ambapo bomba halitoi kitu. Mombasa imekuwa ikitegemea maji ya mbali: bomba la Mzima Springs kutoka Tsavo lilikamilika 1957, na kuna vyanzo vingine vya Baricho, Marere na Tiwi. Lakini nani hapa Kisauni au Likoni hajawahi kukaa wiki bila maji ya kaunti? Karwashi nyingi za mtaani zinatumia kisima. Na kisima chetu kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Gari likioshwa kwa maji hayo likaachwa likauke juani, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Kwenye gari jeupe huoni kitu. Kwenye jeusi ni madoadoa kama gari limepata tetekuwanga.

Likumbukeni hilo neno chokaa. Tunalirudia sasa hivi.

WAZEE WALIPAKA NINI?

Fikiria gharama ya jahazi. Mbao za kazi, misumari, tanga, kamba, mafundi miezi kadhaa. Kwa mwenye chombo hiyo ilikuwa mali kuliko nyumba. Na bahari ya joto kama yetu ina kiumbe kimoja kibaya kinachotoboa mbao. Kinafanana na mnyoo lakini ni jamaa ya chaza, kina ganda dogo kichwani ambalo ndilo linalochimba. Chombo kisicholindwa kinaweza kuliwa ndani kwa ndani huku nje kinaonekana kizima. Yaani hapo mchezo ulikuwa uhai wa watu. Gari likibabuka utaona aibu. Jahazi likibabuka utazama.

Basi wakawa na vitu viwili. Cha kwanza ni sifa. Wengi wetu tunajua sifa ile ya kusifiwa. Lakini kwa mabaharia sifa ni mafuta ya papa, yanayotolewa kwenye maini yake. Yalipakwa kwenye mbao za juu, zile zinazopigwa na jua na chumvi, ili zisikauke na kupasuka. Yalikuwa na harufu, usiseme. Anayewahi kukaa karibu na chombo kilichotoka kupakwa sifa hasahau.

Cha pili ni deheni. Deheni ni shahamu, yaani mafuta ya mnyama, yaliyochanganywa na chokaa. Mnaona? Chokaa ile ile. Hapa pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, ikajenga nyumba za Mji wa Kale na ikapigwa lipu kwenye kuta. Ikichanganywa na shahamu inakuwa uji mzito mweupe, unapakwa sehemu ya chini ya chombo, ile inayokaa ndani ya maji. Inaziba, na inamfanya yule mdudu atafute riziki kwingine.

Na mambo haya ni ya kale. Mfanyabiashara mmoja wa karne ya kwanza, aliyeandika kwa Kigiriki kitabu kinachoitwa Periplus, alitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Karne ya 13 Marco Polo alipita Hormuz, kule Ghuba, akaona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nyuzi za nazi na kupakwa mafuta ya samaki. Hakuvipenda, aliogopa kuvipanda. Lakini vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyofanya biashara ya bahari hii yote. Kwetu mfano wake ulikuwa mtepe wa kule visiwa vya Lamu, mbao zimeshonwa kama nguo.

Kupaka kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Unangoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Maji yakijaa unakisogeza chombo juu kabisa ya ufuo. Maji yakitoka, tofauti ya mita 3 hivi hapa kwetu, chombo kinapwelewa, kinabaki mchangani, kimeegemezwa kwa magadi ili kisianguke. Hapo sasa ni mbio. Mabaharia wanakwangua uchafu na viumbe vilivyoshika, mafundi wanaangalia maungio na kutia kalafati palipoachia, halafu wote wanapaka deheni kwa mikono. Maji yakirudi kazi iwe imeisha. Bahari haikusikilizi ukisema bado kidogo.

Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, baharia na mwandishi, alisafiri 1938 hadi 1939 ndani ya jahazi la Kuwait kutoka Aden mpaka Zanzibar na Rufiji, akaandika maisha yale. Kinachoonekana kwenye habari zake, na kwa yeyote aliyekaa na wazee wa vyombo, ni kwamba kupaka halikuwa tukio la mara moja. Lilikuwa sehemu ya kalenda. Vyombo vya Arabuni vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi, na kabla ya safari ndefu chombo lazima kipandishwe, kikwanguliwe, kipakwe. Mwaka ujao tena, na mwaka wa kufuata tena.

Hakuna nahodha aliyemwambia mwenzake “nimepaka deheni ya miaka 10”. Angechekwa mpaka Kismayu.

SASA HII SERAMIKI NI NINI?

Turudi kwa chupa ndogo ya elfu kadhaa. Ndani yake kuna kimiminika chenye misombo ya silikoni. Ukikipaka juu ya klia, kinashikana nayo, kinakutana na unyevu wa hewani, kinaganda na kuwa tabaka gumu lenye silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Kumbukeni urushi, nayo inataka unyevu ili igande. Kwa unyevu wa huku kwetu, fundi ana muda mfupi sana wa kufuta kabla haijashika. Akichelewa inabaki michirizi, na kwenye nyeusi kila mchirizi unaonekana.

Tabaka hilo mara nyingi ni mikroni 1 au 2 tu, au hata chini ya hapo. Linganisha na klia ya 40. Kazi yake ni ya kweli: maji na uchafu havishiki kwa urahisi, gari linaoshwa kwa nguvu kidogo, kinyesi cha kurabu kinapata kizuizi kidogo kabla hakijafika kwenye klia, na mng’ao unakaa. Kwa nyeusi hilo si dogo, kwa sababu mikwaruzo mingi ya gari jeusi inatokana na kuoshwa vibaya. Mkwaruzo kwenye klia unatawanya mwanga, na kwa kuwa nyuma yake ni giza tupu, unauona. Gari jeupe lina mikwaruzo hiyo hiyo, basi tu limejificha.

Lakini haizuii jiwe lililorushwa na lori barabara ya Changamwe. Haizuii pikipiki kukukwaruza Kongowea. Haifuti madoa ya chokaa, na maji ya kisima yakikauka juu yake yataacha alama juu yake pia.

Na ile “9H” mnayotajiwa kama ni almasi? 9H ni penseli. Naam, penseli ya kuchorea. Kuna kipimo cha viwandani ambapo rangi inakwaruzwa kwa penseli za ugumu tofauti, na 9H ndiyo ya mwisho kwa ugumu kwenye kipimo hicho. Maana yake ni kwamba penseli ngumu haikuikwaruza. Mchanga wa ufuo wa Shelly Beach ukiwa kwenye kitambaa cha kuoshea hauogopi cheti hicho.

Kuna jambo lingine ambalo video hazionyeshi. Kabla ya kupaka kotingi, fundi anapiga polishi ili kuondoa mikwaruzo. Polishi inaondoa mikwaruzo kwa kula klia. Ukila kidogo mara moja, sawa. Lakini mtu anayepiga polishi ya mashine kila baada ya miezi michache ili gari “liwake” anakula akiba ambayo hairudi. Siku klia ikiisha, hakuna chupa ya Japani wala ya Ujerumani itakayoirudisha. Ni kupiga spreya upya.

MAONI YANGU, BILA KUZUNGUKA

Kuna watakaosema: kwa hiyo unasema tusipake? Hapana. Kama una uwezo na fundi ni wa kweli, paka. Ninachokataa ni kununua chupa na kumsahau mtu.

Angalieni tofauti ya wazee na sisi. Wao walijua kwamba ulinzi uko kwenye ratiba na mikono. Deheni ilikuwa vitu vya kawaida, shahamu na chokaa. Thamani ilikuwa kwa anayejua uji uwe mzito kiasi gani, maji yatarudi saa ngapi, na ungio gani limeanza kuachia. Sisi tumeigeuza. Tunalipa makumi ya maelfu kwa jina lililoandikwa kwenye chupa, halafu kijana anayeliosha gari kila wiki tunabishana naye shilingi 50. Tunampa ndoo moja na kitambaa kimoja cha magari yote, halafu tunashangaa boneti imejaa duara kama buibui amehamia.

Yule kijana ndiye kotingi yako. Akiwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kitambaa laini kisichoanguka mchangani, atalilinda gari lako kuliko mikroni 2 za kioo. Akiliosha asubuhi au jioni kivulini, akalikausha mwenyewe badala ya kuliachia jua, chokaa haipati nafasi. Hayo hayahitaji mkopo. Yanahitaji umlipe vizuri ili asiwe na haraka ya kukimbilia gari la pili.

Na nyinyi mnaofanya kazi hiyo, msijiite vijana wa karwashi kama ni tusi. Kenya kuna NITA inayofanyia mafundi mtihani wa kazi hata kama walijifunzia mtaani, na spreya ni ufundi wenye nafasi yake. Jifunzeni kusoma klia, jifunzeni kutumia kipima unene wa rangi. Mwenye kifaa hicho anaweza kumwambia mteja “hapa usipige polishi tena, pameisha”. Hiyo ndiyo kazi aliyofanya fundi wa kalafati, kugonga ubao na kujua kilicho ndani.

Kwa mwenye gari, maswali matatu tu kabla hujatoa pesa. La kwanza: utapima unene wa rangi kabla hujaweka mashine? Akikuangalia kama umemtukana, ondoka. La pili: dhamana hii inanitaka nilirudishe gari mara ngapi, na kila nikirudi nalipa ngapi? Dhamana nyingi zina sharti la kurudi kukaguliwa, liko kwenye maandishi madogo. Ukilisoma utagundua hata wao wenyewe wanajua kwamba lazima paguswe tena. La tatu: unaosha kwa maji gani? Ukumbi wake ukiwa na kioo na taa za bei lakini maji ni ya kisima cha chumvi, taa zile zitakuonyesha madoa vizuri sana.

Na kama pesa ya kotingi ndiyo pesa ya rejesho la mkopo, lipa rejesho. Nta ya kawaida, ile inayotokana na majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi unaoitwa carnauba, itakukalia wiki chache, hata miezi ukibahatika, halafu unapaka tena. Mti ule wenyewe unajifunika nta ili ukame wa kaskazini mashariki mwa Brazil usiuue, na kila jani jipya linajipaka upya. Hakuna aibu kupaka tena. Tumetoka kwa watu waliopaka kila msimu na wakaijua Bahari Hindi yote kama uwanja wa nyumbani.

Lugha yetu ilishatuonya zamani. Sifa ya kwanza ni ile ya kusifiwa, picha ya gari linawaka pale Mama Ngina Waterfront. Sifa ya pili ni mafuta ya papa, yananuka, yanachafua mikono, na yanafanya chombo kifike. Wengi tunalipia ya kwanza. Mimi pesa yangu nitaiweka kwa ya pili.

Niambieni huko chini: karwashi gani mtaani kwenu wanatumia ndoo mbili? Tuwape kazi.